Jembe na Nyumba: Utiifu na Kazi katika Kupima Viongozi wa Tanzania

Septemba 1965 mpiga kura wa Tanzania Bara aliingia kituoni akapewa karatasi yenye majina mawili. Jina moja lilikuwa na alama ya jembe, la pili alama ya nyumba. Wagombea wote wawili walikuwa wanachama wa TANU, chama pekee kilichoruhusiwa, wote walikuwa wamehojiwa na chama na kupitishwa, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba yeye ndiye chaguo la Rais, Mwalimu Nyerere. Kwa maneno mengine, suala la nani ni mwaminifu kwa chama lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla karatasi hazijapigwa chapa. Mwananchi aliachiwa suala moja tu: kati ya waaminifu hawa wawili, nani anaifaa kazi? Kura zilipohesabiwa, mawaziri wawili na mawaziri wadogo sita walikuwa wamepoteza viti vyao.

Utaratibu huo haukuwahi kuonekana Afrika Mashariki. Kabla yake, kiongozi alikuwa akipimwa na aliyemweka. Chini ya Wajerumani, liwali na akida walikuwa watumishi wa serikali, na wengi wao walipelekwa kutawala mahali ambapo hawakuwa na ukoo wala historia. Waingereza, baada ya Gavana Donald Cameron kuleta sheria ya tawala za wenyeji mwaka 1926, waliwarudisha watemi na machifu, lakini hawakubadilisha mwelekeo wa kipimo. Chifu mzuri alikuwa yule ambaye kodi ya kichwa ilikusanywa kwake kwa wakati na amri za kilimo zilifuatwa bila kelele. Bwana Shauri, ofisa wa Kiingereza wa wilaya, ndiye aliyemwandikia ripoti, na ripoti hiyo ndiyo iliyompandisha au kumshusha. Watu wake wangeweza kumpenda au kumchukia, jalada lake halikuguswa na hilo. Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu mwanzoni mwa 1963, na nafasi yao ikachukuliwa na wakuu wa wilaya na makatibu wa TANU. Nao pia waliteuliwa kutoka juu.

Ndani ya TANU yenyewe, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, utiifu ulikuwa na sababu ya haki. Katika miaka ya kudai uhuru, kununua kadi ya chama kulikuwa jambo la hatari kwa mtumishi wa serikali, na aliyesimama jukwaani wakati matawi ya chama yanapigwa marufuku katika baadhi ya wilaya alikuwa ameonyesha moyo wake. Kwa hiyo mwaka wa kadi ukawa cheo kisichoandikwa. Mwenye kadi ya 1954 au 1955 alisikilizwa kabla ya aliyeingia 1960, hata kama huyu wa pili alijua zaidi kuendesha ofisi. Katika nchi iliyopata uhuru Desemba 1961 ikiwa na wasomi wachache mno, mvutano kati ya mwenye kadi ya zamani na mwenye cheti ulikuwa wa kila siku.

Dalili ya kwanza kwamba wananchi walikuwa na kipimo chao wenyewe ilitokea Mbulu. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichopotea hakikuchukuliwa na chama cha upinzani. Kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo, akamshinda. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU, walimkataa mtu waliyeletewa na TANU, na Sarwatt mwenyewe alipofika Bungeni aliketi na wenzake wa chama. Ni tukio dogo katika historia ya uhuru, na vitabu vingi hulipita kwa sentensi moja, lakini ndani yake mlikuwa na tatizo zima ambalo miaka mitano baadaye lilitungiwa katiba.

Tatizo lilikuwa hili. Katika uchaguzi huohuo wa 1960, viti 58 havikuwa na mpinzani, yaani mbunge alipatikana siku TANU ilipomtaja. Mwaka 1962 Nyerere aligombea urais dhidi ya Zuberi Mtemvu wa chama cha upinzani cha ANC, akapata kura zaidi ya milioni 1.1 huku Mtemvu akipata kiasi cha 21,000. Nguvu za chama zilikuwa zimemnyang'anya mwananchi kura yake bila mtu yeyote kukusudia. Katika kijitabu chake cha 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama, Nyerere alilikabili jambo hilo waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba nidhamu kali ya chama Bungeni ina maana pale tu penye chama pinzani cha kupambana nacho. Pasipo mpinzani, nidhamu hiyo huwaziba midomo wabunge na kumlinda asiyefaa. Suluhisho alilolipendekeza ni kuufungua uchaguzi ndani ya chama chenyewe.

Januari 1964 iliundwa tume chini ya Makamu wa Rais Rashidi Kawawa. Haikupewa nafasi ya kuuliza kama nchi iwe na chama kimoja, kwani hilo Halmashauri Kuu ya TANU ilikwisha kuliamua mwaka mmoja nyuma. Kazi yake ilikuwa kueleza chama hicho kimoja kitakuwaje cha kidemokrasia. Mapendekezo yake yaliingia katika Katiba ya Muda ya Julai 1965, pamoja na chombo kingine kisichokumbukwa sana siku hizi, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambako mwananchi aliyeonewa na ofisa wa serikali au wa chama aliweza kupeleka malalamiko yake. Nchi nyingine za Afrika hazikuwa na chombo cha namna hiyo wakati huo. Katiba ilitaka kura imhukumu mbunge, na Tume imchunguze mteuliwa.

Mchujo ulikwenda hivi. Mtu aliyetaka ubunge alitafuta wapiga kura 25 wa kumdhamini. Majina yote yalipelekwa kwenye mkutano mkuu wa TANU wa wilaya, ambako kila mwombaji alisimama mbele ya wajumbe, akaulizwa maswali, kisha wajumbe wakampigia kura. Orodha hiyo ikapanda hadi Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo ilichagua majina mawili. Halmashauri haikufungwa na mpangilio wa wilaya. Iliweza kumruka aliyeongoza. Mwaka 1965 ilitumia uwezo huo kwa kiasi, na wengi waliopendwa na wajumbe walipita. Hata hivyo uwezo wenyewe ulikuwa umeandikwa, na kilichoandikwa husubiri tu mtu wa kukitumia.

Kampeni nayo iliwekewa masharti ambayo leo yanashangaza. Mgombea hakuruhusiwa kuitisha mkutano wake mwenyewe wala kutumia fedha zake kujinadi. Chama kilipanga mikutano, wagombea wote wawili wakaketi jukwaa moja, mmoja akazungumza, wa pili akafuata, kisha wananchi wakauliza maswali. Ilikatazwa kutaja kabila, dini au rangi kama sifa ya mgombea. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jukwaani, na hilo lilikuwa na uzito wake, maana mgombea hakuweza kuwaambia watu wa kabila lake jambo ambalo mpinzani wake aliyeketi kando yake hatalielewa.

Ndipo jembe na nyumba zilipopata maisha yao. Alama zilikusudiwa kuwasaidia wasiojua kusoma, na zilichaguliwa kwa kudhaniwa kwamba hazina upande. Haikuchukua muda kabla wagombea hawajazigeuza kuwa hoja. Mwenye jembe aliuliza ni nani anayekula bila jembe, na hiyo nyumba ilijengwa na nani kama si mkulima. Mwenye nyumba alijibu kwamba baada ya kulima kutwa nzima watu wote hurudi nyumbani, na hata jembe lenyewe hulala ndani ya nyumba. Umati ulicheka na kupiga makofi. Wasomi walioufuatilia uchaguzi huo, ambao kazi yao iliyohaririwa na Lionel Cliffe ilichapishwa 1967, waliyachukua mabishano hayo kwa uzito, na walikuwa na haki. Wagombea wawili wa chama kimoja, wenye sera moja na walio chini ya Rais mmoja, hawakuwa na jambo kubwa la kitaifa la kubishania. Walibaki na alama zao na rekodi zao.

Rekodi ndiyo iliyowaponza wakubwa. Maswali ya wananchi yalihusu mambo ya karibu: barabara, shule, zahanati, maji, bei ya mazao, kodi, na zaidi ya yote, kama mheshimiwa alionekana jimboni tangu achaguliwe. Paul Bomani aliangushwa Mwanza. Huyu alikuwa Waziri wa Fedha, na zaidi ya hapo ndiye aliyewaongoza wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950 kujenga muungano wa vyama vya ushirika uliovunja nguvu za wanunuzi wa kati. Ni vigumu kumtaja Mtanganyika wa wakati ule aliyekuwa na sifa za uongozi zilizothibitika kumpita. Lakini Waziri wa Fedha hukaa Dar es Salaam, na ndiye mwenye sura ya kodi. Rufiji, Bibi Titi Mohamed alipoteza kiti. Huyu ndiye aliyeingia nyumba kwa nyumba mwaka 1955 na kuwaleta wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa maelfu, mtu ambaye utiifu wake kwa harakati haukuhitaji shahidi. Wapiga kura wa Rufiji hawakumhukumu kwa 1955.

Upande wa pili wa matokeo haukuwa na mshangao mdogo. Derek Bryceson, waziri mwenye asili ya Kiingereza, alishinda Dar es Salaam kwa kura nyingi. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro. Karibu wapiga kura wao wote walikuwa Waafrika. Chini ya miaka miwili kabla, Januari 1964, tangazo la Nyerere la kukomesha upendeleo wa rangi katika ajira za serikali lilikuwa limezua manung'uniko makubwa, na baadaye mwezi huohuo wanajeshi waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Wanasiasa wengi wangeapa kwamba mkulima hawezi kumchagua Mzungu au Mhindi akiwa na Mwafrika kwenye karatasi. Mkulima alifanya hivyo, na hoja ya rangi ikapoa.

Yaliyofuata baada ya matokeo yanaonyesha kwamba hata waliobuni utaratibu huo hawakuwa na kipimo kimoja. Bomani hakurudi Mwanza kulima. Alirudi Bungeni kwa mlango mwingine, akaendelea kuwa waziri akishughulikia uchumi na mipango ya maendeleo, huku Jamal akishika Fedha. Katiba iliruhusu: mbali na wabunge wa majimbo, kulikuwa na wabunge wa taifa na wa kuteuliwa, na wale wa kutoka Zanzibar, ambako uchaguzi wa wabunge haukufanyika kabisa, waliingia kwa uteuzi. Rais aliuona uwezo wa Bomani ambao wananchi wa jimbo lake hawakuuona, au hawakujali. Kila upande ulikuwa na hoja. Kuliendesha jimbo na kuiendesha Hazina ni kazi mbili, na mfumo wa Bunge unalazimisha mtu mmoja azifanye zote na kupimwa kwa moja.

Bunge la 1965 lilianza na sauti. Lilikuwa na watu wapya walioingia kwa kuwaangusha vigogo na walioamini kwamba deni lao ni kwa wapiga kura. Miaka mitatu ilitosha kuwaonyesha mipaka. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalikuwa kipimo cha tabia, si cha utiifu wala cha ujuzi, na kwa wengine yaliuma. Bibi Titi aliacha nafasi yake katika uongozi wa chama mwaka huo kwa sababu ya nyumba zake. Oscar Kambona, kigogo wa TANU, aliondoka nchini Julai 1967. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu iliwafukuza uanachama Kambona na wanachama wengine kadhaa, wakiwemo wabunge machachari kama Joseph Kasella-Bantu. Kwa kuwa Katiba ilidai mbunge awe mwanachama wa TANU, aliyefukuzwa chamani alipoteza kiti siku hiyohiyo. Waliomchagua hawakuulizwa neno.

Hapo ndipo mpaka kati ya waamuzi wawili ulipovunjika. Mwaka 1965 chama kilihukumu utiifu kabla ya kura, mwananchi akahukumu kazi wakati wa kura. Baada ya 1968 ilikuwa wazi kwamba chama kinaweza pia kuhukumu baada ya kura, na hukumu yake ndiyo ya mwisho. Mabadiliko ya Katiba ya 1975 yaliyokitamka chama kuwa na mamlaka ya mwisho katika shughuli zote za nchi yaliandika tu kile kilichokwisha kuzoeleka, na CCM, iliyozaliwa 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa TANU na chama cha ASP cha Zanzibar, iliurithi uwezo huo mzima. Uchaguzi wa watu wawili uliendelea kila baada ya miaka mitano, 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990, na kila mara wabunge wengi waliangushwa. Ila nguvu ya kweli ilikuwa imehamia kwa wateuliwa: wakuu wa mikoa, makatibu wa chama na mameneja wa mashirika ya umma. Kwa hao neno lililoogopwa lilikuwa uhamisho. Aliyeshindwa mkoa mmoja alipelekwa mwingine, na aliyefilisi shirika aliweza kukabidhiwa la pili, mradi ukada wake hautiliwi shaka.

Si kila mara. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, maofisa wa polisi na usalama waliokuwa wakichunguza mauaji ya vikongwe waliwakamata watu wengi na kuwatesa, na baadhi yao wakafa mikononi mwao. Habari zilipofika juu na kuthibitishwa, Januari 1977 viongozi wakuu waliohusika kwa dhamana waliacha kazi. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, na pamoja naye Peter Siyovelwa, waziri wa nchi aliyeshughulikia usalama, na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Hakuna aliyesema Mwinyi alimpiga mtu wala kutoa amri. Alijiuzulu kwa sababu wizara ilikuwa yake. Alipelekwa Misri kuwa balozi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na Novemba 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wapo wanaoona hapo mfano wa uwajibikaji uliolipwa baadaye, wapo wanaoona mfano wa utiifu uliolipwa. Mwenendo wake mwenyewe unaziruhusu tafsiri zote mbili, kwa kuwa kujiuzulu bila kulalamika ni tendo la uwajibikaji na pia ni tendo la nidhamu ya chama.

Kenya ilipita njia ya jirani na kufika mbali zaidi. Chini ya chama tawala cha KANU, baada ya chama cha upinzani cha KPU kupigwa marufuku, uchaguzi wa ndani wa Desemba 1969 uliwaangusha karibu nusu ya wabunge pamoja na mawaziri kadhaa, na hapakuwa na mchujo mkali wa juu kama wa TANU. Lakini kufikia 1988 KANU iliondoa kura ya siri katika hatua ya mchujo. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, utaratibu ulioitwa mlolongo, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa moja kwa moja. Katika baadhi ya maeneo mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, mchana kweupe, mbele ya waliojipanga. Mtu aliyesimama mbele ya chifu na kamati ya chama hakuwa akipima kazi ya mgombea. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipimwa utiifu.

Tanzania iliuacha mfumo wa chama kimoja mwaka 1992, baada ya Tume ya Jaji Francis Nyalali kupendekeza vyama vingi ingawa karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kibaki. Jembe na nyumba zikaingia makumbusho. Mchujo haukuingia. Ndani ya CCM uliendelea kwa jina la kura za maoni, ambapo wajumbe hupiga kura na vikao vya juu hupitisha au kukata majina. Katika majimbo ambayo mgombea wa CCM hana wa kumtisha, kura ya wajumbe na kalamu ya vikao ndizo zinazompata mbunge, na kampeni ya Oktoba hubaki sherehe. Tofauti na 1965 ni fedha. Mgombea wa jembe alikatazwa kutumia hata shilingi yake, lakini mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu takrima, ukarimu wa kimila kwa wapiga kura. Mahakama Kuu iliifuta ruhusa hiyo mwaka 2006 kwa kuona kwamba inambagua mgombea asiye na kitu.

Suala la Sarwatt wa Mbulu nalo lilirudi, safari hii mahakamani. Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki ya mgombea binafsi, na Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 1994. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo kuizuia. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2010 kwa maelezo kwamba ni jambo la Bunge kuamua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitamka kwamba kumlazimisha mtu kuwa mwanachama wa chama ili agombee ni kukiuka haki zake. Uchaguzi mkuu wa 2015 na wa 2020 ulifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja, na mbunge anayefukuzwa na chama chake bado hupoteza jimbo, kama mwaka 1968.